Mjadala: Kitabu cha kidijitali kiwe na kurasa zisizobadilika, au maandishi yajipange kwa kioo cha msomaji?

MzeeWaZabibu (mwanzisha mada)
Ndugu zangu wa Dodoma na mikoa jirani, kikundi chetu cha waandishi kimekamilisha mswada wenye hadithi fupi, mashairi, na sura moja ya historia ya vijiji yenye ramani na majedwali. Tumekubaliana kutoa toleo la kidijitali kabla ya lile la karatasi, lakini tumegawanyika kuhusu umbo lake. Wengine wanataka PDF, ili kila msomaji auone ukurasa ule ule uliosanifiwa, mstari kwa mstari. Wengine wanataka EPUB ya kawaida, ambayo maandishi yake hujipanga upya kufuatana na upana wa kioo na ukubwa wa herufi aliouchagua msomaji. Fedha tuliyonayo inatosha kumlipa msanifu mara moja tu. Naomba hoja, si kura.

Fundi_Faili
Shikamoo mzee. Chukua rula. Ukurasa wa A4 una upana wa milimita 210, na kioo cha simu nyingi hakizidi milimita 75. Ukiubana ukurasa huo uingie wote kwenye simu, herufi za pointi 12 zinakuwa kama za pointi 4. Hata ukisanifu kwa A5, yenye milimita 148, utapata pointi 6. Msomaji atakuza, atasukuma kioo kulia, atarudi kushoto, na mstari unaofuata ataanza upya. PDF ilitolewa na Adobe mwaka 1993 ili hati ionekane na kuchapwa sawasawa popote, na kazi hiyo inaifanya vizuri mpaka leo. EPUB ilitoka mwaka 2007 kwa kazi nyingine: ndani yake ni HTML, lugha ile ile ya kurasa za mtandaoni, na maelekezo ya mitindo yaliyofungwa katika faili moja la zip, na ndiyo maana maandishi hukitii kioo. Wanaong'ang'ania PDF kwa kitabu cha kusoma ni walimu waliozoea kuchapa mitihani.

Mwl_Kongwa
Hesabu za milimita siziwezi kuzipinga, ila sentensi ya mwisho haikuwa na lazima. Mwalimu anapolitaka darasa lifungue ukurasa wa 47, hafanyi hivyo kwa mazoea ya mitihani. Anataka watoto wote waangalie mahali pamoja. Katika EPUB yako aliyekuza herufi yuko ukurasa wa 90 wakati jirani yake yuko wa 52, na kipindi kinaisha tukitafutana. Walimu wengi tuna vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022, na kioo cha kishikwambi si kioo cha simu. Ungeuliza kwanza nani anasoma na anasomea wapi.

Fundi_Faili
Mwalimu, EPUB 3, ambayo ni ya mwaka 2011, inaruhusu kuweka ndani ya faili orodha ya kurasa za toleo la karatasi. Ukitaka ukurasa wa 47, unapelekwa pale ulipoanzia katika karatasi, hata kama kioo chako kinaonyesha aya moja tu.

Mwl_Kongwa
Mzee amesema kwa Kiswahili chepesi kwamba toleo la karatasi bado halijatoka. Orodha hiyo itanukuliwa kutoka wapi?

Bint_Mpwapwa
Kaka zangu, aya zikipewa namba jambo hilo limekwisha. Misahafu na Biblia husomwa kwa sura na aya, na sijapata kusikia sheikh au padri akiwatajia waumini wake ukurasa. Linalonisumbua mimi ni lingine. Hapa kwetu, Buigiri, wilayani Chamwino, kuna shule ya wasioona. Programu ya kusoma kwa sauti inahitaji maandishi halisi yenye mpangilio unaoeleweka: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, haya ni maelezo ya picha. PDF inaweza kuwekewa alama hizo, lakini kazi hiyo huachwa mara nyingi, na ile iliyotokana na kurasa zilizopigwa picha haina herufi hata moja ndani yake mpaka maandishi yatambuliwe na programu nyingine. Wazee wenye macho hafifu nao wangependa kukuza herufi bila kuukimbiza mstari.

Mlenga_Vina
Salamu kutoka pwani. Mnazungumza kana kwamba mswada wote ni hadithi, ilhali mzee ametaja mashairi. Mshororo wa mizani 16, yaani silabi 16, una herufi kama 40 pamoja na nafasi, kwa hiyo mtu akikuza maandishi kidogo tu, neno la mwisho linaangukia mstari wa chini na kina chake kinapotea machoni. Shairi lifungwe katika ukurasa usiobadilika. Labda huko bara hamlioni hilo kuwa hasara, maana wanaohesabu mizani ni wachache.

MzeeWaZabibu
Mathias Mnyampala alizaliwa hapa Dodoma mwaka 1917, akiwa Mgogo, na ngonjera, yale mashairi ya majibizano, zilizoenea mashuleni baada ya Uhuru zinahusishwa na jina lake kuliko jina la mtu yeyote wa mwambao. Endelea na herufi zako 40.

Mlenga_Vina
Mzee wangu, Mnyampala namheshimu na sikumtaja. Nilisema wachache, sikusema hakuna.

Mwl_Kongwa
Ulisema "huko bara". Watoto wangu wa kidato cha pili wanatofautisha ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, na utao, nusu ya pili, na wengine huwasahihisha wageni.

Bint_Mpwapwa
Turudi kwenye kioo, tafadhali. Shairi la kimapokeo lilighaniwa na kuimbwa, tena liliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi za Kilatini, na halikufa kwa kubadilishiwa sura. Kina ni cha sikio. Sioni sababu ya kuligeuza kuwa picha asiyeona asiweze kulisikia.

Mlenga_Vina
Sikio la msomaji aliye peke yake na simu yake huongozwa na jicho, dada. Mshororo ukikatikia katikati ya utao, atapumzika pasipo na pumziko, na mapigo yote yataharibika. Hilo si suala la mapambo.

Fundi_Faili
Hapo nakuunga mkono, lakini dawa si kuufunga ukurasa. Kila kipande cha mizani 8 kinaweza kuwekewa agizo kisikatwe ndani yake. Kioo kikiwa kipana, ukwapi na utao vinakaa mstari mmoja. Kikiwa chembamba, utao unashuka mzima mzima na kuingia ndani kidogo, na kina cha kati kinabaki mwishoni mwa mstari wake.

Mlenga_Vina
Basi tarbia yangu ya mishororo minne itaonekana kuwa na minane.

Fundi_Faili
Ndiyo maana nimesema utao uingie ndani. Msomaji wa mashairi ataelewa kwamba mstari ulioingia ndani ni mwendelezo wa ule wa juu yake.

Mlenga_Vina
Msomaji wa mashairi ataelewa. Mtoto anayejifunza atahesabu minane, na mwalimu wake atamkosoa bure.

Mpanga_Kurasa
Mimi naishi kwa kazi hii, hapa hapa mjini, kwa hiyo nisikilizeni mkijua nina maslahi. Kuna umbo la tatu mliloliruka: EPUB yenye kurasa zisizobadilika. Inafaa vitabu vya watoto ambavyo picha hutanda ukurasa mzima na maneno hukaa juu yake, na inafaa katuni. Kiwango kinaruhusu hata kuchanganya, yaani hadithi zijipange zenyewe na kurasa za ramani zibaki zilivyosanifiwa. Kasoro ni kwamba programu za kusomea haziutii mchanganyiko huo kwa namna moja. Ramani ya mzee ningeiweka kama picha inayoguswa ikakua, majedwali ningeyapunguza safu, na mashairi ningeyafanyia alivyosema Fundi.

MzeeWaZabibu
Na gharama?

Mpanga_Kurasa
Kuzibadili hadithi kuwa EPUB ni kazi ndogo, iwapo mswada umeandikwa kwa mitindo ya vichwa na aya. Kama kila kichwa kilikuzwa kwa mkono, itabidi nianze kwa kuusafisha. Mashairi ndiyo yanayokula muda, kwa sababu kila mshororo lazima ugawanywe kwa mkono na kila ubeti ujaribiwe kwenye simu na programu tofauti.

Mlenga_Vina
Kumbe mashairi ndiyo yenye gharama. Sasa mtasikia yanapendekezwa yaondolewe.

MzeeWaZabibu
Hayaondolewi. Mswada upo katika Word, na nakiri sijui vichwa vyake viliwekwaje. Kesho nitamtumia Mpanga_Kurasa sura moja ya hadithi na mashairi mawili, moja la mizani 16 na moja la mizani 12, atuwekee katika EPUB tuyafungue kwenye simu zetu hizi za kawaida.

Mwl_Kongwa
Na aya ziwe na namba.

Mpanga_Kurasa
Zitakuwa nazo, Mwalimu. Beti pia.