Fundi wa Moshi kanifutia D nzima, halafu ananiambia kazi imekwisha

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira. Leo ni wiki ya tatu silali vizuri na kila nikipita mtaa ule moyo unanidunda upya, kwa hiyo nivumilieni uzi ukiwa mrefu.

Nina duka dogo la steshenari hapa Moshi, upande wa Mbuyuni. Nachapa, natoa kopi, naskani, natengeneza kadi za harusi na kipaimara. Kazi yote inafanyika kwenye laptopu moja yenye diski ya GB 500, ile ya kuzunguka, siyo SSD ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka. Diski ilikuwa imegawanywa sehemu mbili: C yenye Windows, na D ya kuwekea vitu vyangu. Betri yake ilishakufa zamani, inakula umeme wa ukutani moja kwa moja. Masika haya umeme umetusumbua sana. Alhamisi moja ulikatika mara tatu kabla ya saa sita mchana, na mara ya tatu mashine ilikuwa katikati ya kujisasisha. Niliporudi kuiwasha, skrini ya bluu. Inaandika inajirekebisha, inazima, inawaka, inarudi palepale kwenye bluu. Nikainamisha sikio nikasikia kik… kik… kik, kama mtu anagonga ukucha kwenye bati.

Sauti hiyo nilimwambia fundi. Kwa maneno yangu mwenyewe, nikiwa nimesimama mbele ya meza yake: "Fundi, inalia ndani, na vitu vyangu vyote viko D, naomba uviangalie kwanza." Akasema, "Usijali mama, hiyo ni Windows tu imekufa, njoo kesho jioni." Elfu 25. Nikalipa nusu.

Kesho yake jioni laptopu inawaka, safi, picha ya ukutani mpya kabisa. Nikafungua sehemu ya diski. Kuna C peke yake. GB 465, karibu zote tupu.

Nikamuuliza, "D iko wapi?"

"Nimekuunganishia, upate nafasi kubwa."

"Na vitu vilivyokuwemo?"

"Mama, ukipiga Windows vitu vinaondoka. Kila mtu anajua. Si mashine inawaka?"

Nilikaa kwenye kile kibenchi cha wateja sijui kwa muda gani. Kijana mwingine aliyekuwa anachomea simu akaniletea maji, Mungu ambariki, yeye hana kosa.

Sasa niwaambie kilichokuwa D. Kazi za wateja zilikuwepo, ndiyo, na hesabu za kikundi chetu cha hisa ambacho mimi ni katibu. Hizo nimeumia lakini zinatengenezeka: wateja wengi wana nakala kwenye barua pepe zao, na wanakikundi wana vitabu vyao mkononi, tumekaa Jumapili mbili tukaziandika upya. Nisingefungua uzi kwa ajili ya hizo.

Baba yangu amefariki mwaka juzi. Miezi michache kabla hajatutoka, akiwa bado ana nguvu ya kutembea na fimbo, alituzungusha mipaka ya kihamba, yaani shamba letu la ukoo, kule Uru. Tulikuwa mimi, kaka zangu wawili, baba mdogo na shangazi. Alikwenda sale moja baada ya jingine, anasimama, anaweka mkono kwenye jani, anasema hili lilipandwa na nani, lilihamishwa lini na kwa makubaliano gani, huku ni kwa jirani yupi, mfongo, ule mfereji wa maji, ulikuwa unapita wapi kabla haujakauka. Wachaga mnaelewa. Kwa asiyejua: sale ni mmea tunaoupanda mpakani, na mtu mwenye akili zake haling'oi la mwenzake. Nilimrekodi kwa simu yangu ya zamani, dakika 40 na kitu, na kila sale nikalipiga picha likiwa na mkono wa mzee juu yake. Nikaskani pia muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi na vidole gumba, pamoja na risiti za babu za kahawa za KNCU, chama cha ushirika, karatasi zimekuwa za njano mpaka unaogopa kuzishika. Vyote nikavitia D kwenye folda moja ya jina la mzee. Simu yenyewe iliibiwa stendi. Muhtasari wa asili ulikuwa kwa baba mdogo, na nyumba yake ilivuja mvua za mwaka jana.

Hicho ndicho kilichofutwa ili nipate "nafasi kubwa".

Niliibeba ile mashine na roho nzito. Baada ya siku tisa ikafa tena. Skrini ileile ya bluu, kik ileile. Fundi akaniambia niache, ataipiga Windows upya, safari hii kwa elfu 15 kwa sababu mimi ni mteja. Nikamnyang'anya mkononi. Kesho yake asubuhi nikapanda Coaster ya Arusha kwa kijana mmoja niliyeelekezwa na binamu yangu. Hapo ndipo nilipojua ukubwa wa nilichofanyiwa.

Kijana yule hakuiwasha. Hicho kitu cha kwanza tu kilitaka kuniliza. Aliuliza maswali, akaandika kwenye daftari, akafungua skrubu chini, akaitoa diski akaiweka mezani juu ya kitambaa. Akaichomeka kwa kebo kwenye kompyuta yake nyingine na kufungua CrystalDiskInfo, programu ya bure kabisa. Rangi ya njano: tahadhari. Diski zina kumbukumbu ya ndani ya afya zao wenyewe, inaitwa SMART, na yangu ilikuwa imejaa hesabu ya sekta mbovu, yaani vijisehemu vya diski vilivyoharibika, nyingine zilishahamishwa, nyingine zinasubiri kusomwa na hazisomeki. Dakika mbili hazikufika. Kwa hiyo Windows haikufa yenyewe. Diski ilikuwa inakufa, na Windows ilikuwa imekaa juu yake. Kupiga Windows mpya kwenye diski ile ni kupaka rangi ukuta ambao msingi umeoza, na ndiyo maana haikumaliza hata siku kumi.

Halafu akanieleza kwa utaratibu, na hapa nawaomba wote wenye kompyuta mnisikilize. Windows ikigoma kuwaka haina maana mafaili yamepotea. Mafaili yapo, kinachokosekana ni njia ya kuingilia. Unaweza kutoa diski ukaisoma kwenye mashine nyingine. Unaweza kutia Linux, mfumo mwingine kama Windows, kwenye flashi, ukawashia kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa diski, ukafungua D, ukakopi. Hata kupiga Windows kwenyewe hakulazimishi kufuta. Ukiiweka juu ya C ile ile bila kufomati, inachukua vitu vya zamani na kuvihifadhi kwenye folda ya Windows.old. Na D haiguswi kabisa, mpaka mtu aichague kwa mkono wake, abonyeze kufuta, aulizwe kama ana uhakika, akubali. Fundi wangu aliulizwa na mashine kama ana uhakika. Mimi hakuniuliza.

Nilimuuliza kama basi vimekwenda moja kwa moja. Akaniambia kufuta na kufomati kwa haraka huwa kunaondoa orodha tu, yale yaliyoandikwa yanabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Mimi nilielewa kwa lugha ya kwetu: ameng'oa masale, shamba bado lipo, lakini kila anayekuja kupanda mgomba mpya anapanda popote. Na Windows 10 mpya ni shamba zima la migomba, GB 20 hivi zinamwagwa kwa mkupuo, halafu masasisho juu yake, halafu siku tisa zangu za kuchapa na kuskani. Kila kadi niliyochapa siku zile nilikuwa namfunika baba yangu kwa mkono wangu mwenyewe bila kujua. Hili ndilo siwezi kulimeza. Angeniambia ukweli siku ile ile, hata baada ya kufuta, ningeizima pale pale.

Tena akasema nimshukuru Mungu haikuwa SSD, maana zile ukifomati mara nyingi Windows huiambia diski isafishe papo hapo, na hapo hakuna cha kuokota.

Aliikopi diski nzima kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kwenda diski nyingine nzima, karibu siku mbili, kwa sababu kila ikifika kwenye sekta mbovu inaruka kwanza, inaokoa kilicho rahisi, ndipo inarudi kuhangaika na kigumu. Nilimuuliza kwa nini asirekebishe tu na ile amri ya Windows ya kukagua diski. Akashtuka. Kumbe fundi wangu wa Moshi alianza na hiyo, aliiacha ikikagua usiku kucha, alinieleza mwenyewe kwa kujisifu. Diski inayokufa ukiilazimisha kusoma usiku kucha unaimaliza, na ile amri inaandika juu ya diski hiyo hiyo.

Baada ya kopi, akapitisha PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa. Ikarudisha mafaili zaidi ya elfu sitini. Msishangilie. PhotoRec inaokoa kwa kutambua umbo la faili, haijui majina wala folda. Kila kitu kinakuja na herufi f na tarakimu. Picha za vitufe vya Windows, matangazo ya mitandaoni, pasipoti za wateja, kadi za harusi za watu ambao sasa wana watoto, zote zimechanganyika. Usiku tatu nimekaa na kahawa nikifungua folda moja moja. Usiku wa pili, saa tisa, nikafungua f na tarakimu zake, ukatokea mkono wa mzee. Kidole chake cha shahada kilichokatwa na panga zamani, kimeshika jani la sale, na nyuma kidogo sketi ya shangazi. Nililia mpaka mwanangu akaamka.

Picha tisa kati ya ishirini na nne zimerudi. Nne kati ya hizo nusu yake ya chini ni kijivu. Muhtasari wa kikao haukupatikana. Sauti imerudi dakika 11. Simu ile ilirekodi kwa AMR, mfumo wa zamani, ndiyo maana hata kipande kinasikika. Anaeleza sale la kwanza, la pili, anakohoa, anamwambia baba mdogo ashuke chini aonyeshe. Kisha anasema, "Sasa hapa kwenye mfongo, hapa ndipo wanangu muwe makini," na inakatika.

Pale kwenye mfongo ndipo jirani ameanza kusogeza mpaka.

Kuna jingine. Kijana wa Arusha alinionyesha kuwa Windows niliyowekewa ilikuwa ya kuvunja leseni, na ili ikubali, antivirusi ilikuwa imezimwa makusudi. Laptopu yangu niliinunua na Windows halali, ufunguo wake uko ndani ya ubao mama, ukiweka toleo lilelile inajitambua yenyewe bila kulipia chochote. Kwa hiyo nililipa elfu 25 kuondolewa halali yangu na kuwekewa ya wizi isiyo na mlinzi, kwenye mashine inayobeba vitambulisho vya wateja. Wala hakuniambia kwamba Microsoft walishaacha kuihudumia Windows 10 tangu 14 Oktoba 2025.

Jumatatu nilikwenda kwake na baba mdogo. Baba mdogo alimsalimia vizuri, akakaa, akamweleza kwa upole kama mtoto wake. Nikamwekea ile sauti asikilize mpaka pale inapokatika. Alinyamaza. Kisha akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani nyuma ya kioo, maandishi madogo, kwamba duka halihusiki na data za mteja. Siku naleta mashine karatasi ile ilikuwa imefunikwa na kalenda. Fedha hakurudisha. Pole hakusema.

Wapo walioniandikia pembeni kwamba kosa ni langu, kwa nini sikuwa na nakala. Nakubali sikuwa nayo, na flashi mbili nimeshanunua, moja iko kwangu moja kwa kaka. Lakini mtu akikuletea mgonjwa humwambii angejikinga, kisha ukamzika akiwa hai. Nilimwambia kwa mdomo wangu vitu viko D. Swali moja lingetosha: nihifadhi kwanza? Kama hawezi, aseme hawezi, kuna wanaoweza, mashine inaweza kusubiri.

Ninachoomba kwenu wakuu ni hiki. Kijana wa Arusha anasema kuna sekta ambazo ddrescue ilishindwa kuzisoma, siyo zile zilizofunikwa na Windows bali zile mbovu, na sehemu ya rekodi huenda imo humo. Zinahitaji mtu mwenye chumba kisicho na vumbi anayeweza kuifungua diski na kubadilisha vichwa vya kusomea. Yeye hana na alikataa hela yangu ya kujaribu. Mwenye kumjua mtu wa namna hiyo ambaye amemfanyia kazi yeye mwenyewe, awe Dar, Nairobi au popote, aniambie. Diski nimeifunga kwenye bahasha, iko kabatini kwa shangazi Uru, haijawashwa tangu siku ile. Gharama tutachanga kama ukoo, kikao ni Jumamosi ijayo.