Je, kuchunguza jinsi retina inavyoumbwa kunamsaidia anayepoteza uwezo wa kuona?

Mwanafunzi wa baiolojia:
Ndugu wasomaji, nawasalimu. Niko mwaka wa 3 chuoni na natakiwa kuchagua mada ya mradi wa utafiti. Mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 16, ana retinitisi pigmentosa, ugonjwa wa kurithi wa retina (tabaka la nyuma ndani ya jicho linalopokea mwanga), ambao kwake ulianza na giza la jioni: jua likishazama hupapasa ukuta mpaka apate kitasa cha mlango, na juzi alikanyaga sufuria ya uji iliyokuwa imeipuliwa tu na kuwekwa sakafuni. Msimamizi wangu amenipa makala za mtafiti Constance Cepko wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na nyingi zinahusu namna retina ya panya inavyojengwa. Nimezisoma kwa hamu, lakini swali halinitoki: mtu aliyetumia miaka mingi akiuliza seli ipi huzaliwa na ipi amemfaa nini mgonjwa kama mdogo wangu?

Mtafiti wa jeni:
Pole sana kwa mdogo wako. Zisome makala hizo kwa kufuata miaka, nawe utaona jinsi zinavyoshikana. Cepko hakuanzia kwenye jicho. Uzamivu wake aliufanyia MIT, chuo kikuu kingine cha Marekani, katika maabara ya Phillip Sharp, akichunguza adenovirusi, aina mojawapo ya virusi. Kisha akaenda kwa Richard Mulligan katika Taasisi ya Whitehead, ambako alishiriki kutengeneza retrovirusi zisizoweza tena kuzaliana, zinazotumika kama chombo cha kubebea jeni. Alipopata maabara yake Harvard katikati ya miaka ya 1980, chombo hicho ndicho alichokielekeza kwenye retina.

Yeye na David Turner walidunga virusi hivyo katika macho ya panya wachanga. Seli iliyoingiwa ilipata jeni ya kimeng'enya fulani na kuirithisha kwa vizazi vyake vyote, hivyo retina ilipotiwa kemikali baadaye, ukoo mzima wa seli ile moja uligeuka buluu. Mwaka 1987 walieleza kwamba ndani ya ukoo mmoja zilikuwemo fito (seli za kuonea gizani), neva za aina nyingine, na hata seli za Müller, ambazo si neva bali huzitegemeza neva. Kwa maneno mengine, hata jicho likiwa karibu kukamilika, seli mama moja bado inaweza kuzaa watoto wa kazi mbalimbali.

Aliyezoea kutazama seli kama jamaa wanaoishi pamoja hawezi kuupita ugonjwa wa mdogo wako bila kushangaa. Mwaka 1990 Thaddeus Dryja na wenzake walionyesha kwamba hitilafu katika jeni ya rodopsini, protini inayonasa mwanga, husababisha retinitisi pigmentosa. Jeni hiyo hutumiwa na fito. Kufa kwa fito kunaeleweka, lakini kwa nini baadaye hufa pia koni, ambazo haziitumii jeni hiyo, na ambazo ndizo tunazosomea, kutambulia rangi na kumjua mtu kwa uso? Mwaka 2009 maabara ya Cepko ilitoa jibu lililonigusa kuliko yote: katika panya wagonjwa, koni zilionyesha dalili za njaa, na panya waliopewa insulini, koni zao ziliishi muda mrefu zaidi. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo jibu la swali lako.

Muuguzi wa kliniki ya macho:
Naongeza jambo moja. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha Luxturna, tiba ya jeni iliyotokana na kazi ya Jean Bennett na wenzake huko Philadelphia, lakini inawafaa tu wenye hitilafu katika jeni ya RPE65, ilhali ugonjwa huu unaweza kutokana na jeni kadhaa tofauti. Ndiyo sababu njia ya kuzilisha koni ina thamani, kwa kuwa haijali ni jeni gani iliyoharibika. Mwaka 2021 maabara ya Cepko ilieleza kwamba kuzipa koni jeni ya Txnip kuliziwezesha kutumia laktati, chakula kingine cha seli, badala ya sukari ya glukosi, zikadumu zaidi. Hata hivyo, hao ni panya. Nakusihi usimwahidi mdogo wako dawa, wala asijaribu insulini, maana kwa mtu asiyeihitaji inaweza kuua.

Mwanafunzi wa baiolojia:
Nawashukuru sana. Nitaandika kuhusu chakula cha koni. Jana nilimsomea mdogo wangu sehemu ile ya fito na koni, akaniuliza kama koni zake bado zi hai. Nilimpa simu, nikamwambia asome ujumbe wa mama. Akausoma wote, herufi kwa herufi, nami nikamwambia kwamba alichosomea ni koni.