Komiki 140 za zamani, Mji wa Kale: pini zenye kutu, gredi na kubadilishana

MtuWaKibokoni aliuliza:

Assalaam aleikum wanajukwaa. Lipo sanduku la bati hapa Kibokoni, Mombasa, lina komiki zipatazo 140. Commando za Uingereza ni kama 50, Indrajal za India 40, Marvel za miaka ya 1970 ni 30 hivi na bei ya jaladani imeandikwa kwa peni badala ya senti za Marekani. Ziko African Film nane, zile za picha za mpelelezi Lance Spearman, na zilizobaki ni Joe na Shujaaz za Kenya. Pini za stepla nyingi zimeshika kutu, majalada kadhaa yana madoa ya kahawia, na ukifungua sanduku uvundo ndio unaokukaribisha.

Nauliza hivi. Pini zenye kutu zibadilishwe au ziachwe? Gredi, yaani ubora wa hali ya komiki, hupimwaje bila mtu kujidanganya? Na kuna mkusanyaji wa Nairobi anayetaka kubadilishana, anatoa komiki mbili kwa kila Marvel moja. Je, ni biashara ya haki?

Kaskazi_Mvita alijibu:

Wa aleikum salaam. Gredi na bei zisubiri, anza na maji. Maji yenyewe yamo ndani ya karatasi, hata kama sanduku ukilishika ni kavu. Karatasi huvuta na kutoa unyevu kufuata hewa inayoizunguka, na hewa yetu hukaa kwenye asilimia 70 hadi 80 sehemu kubwa ya mwaka. Ikipita 65 na kuganda hapo, kuvu huanza kuota. Komiki zinataka 45 hadi 55. Ukizishusha kutoka 75 hadi 50, karatasi itatoa maji yanayofika asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake. Mzigo wako ni kilo 8 hivi, kwa hiyo ni gramu 160 hadi 240, karibu glasi nzima ya maji. Ndiyo maana vile vipakiti vya silika vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu havifui dafu.

Zitoe zote kwenye bati leo. Bati hupoa usiku likatoa jasho kwa ndani. Zisimamishe zikiwa zimefunguka kidogo kama feni ya mkono, chumbani penye AC au feni, kivulini, saa 48. Jua usilifikirie kabisa, kwani linafifisha wino mwekundu na wa manjano na halirudishi kitu. Kuvu likishakauka na kuwa unga, lipanguse kwa brashi laini ya kupakia rangi, nje ya nyumba, ukiwa umevaa barakoa, ukielekeza brashi kutoka kwenye mgongo kwenda ukingoni. Likiwa bado bichi usiliguse, utalisugua liingie kwenye nyuzi za karatasi.

Ukiona tundu au kinyesi cha mende, zile zilizoguswa zifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, toa hewa yote, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 14. Zikitoka, usifungue mfuko kwa saa 24. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Hewa ya Mombasa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 70 hudondosha umande juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 24. Jalada baridi ukilitoa nje litalowa mbele ya macho yako. Hata kutoka chumba cha AC ya nyuzi 20 kwenda barazani, acha komiki ipate joto ikiwa ndani ya mfuko.

Baada ya hapo, kontena la plastiki la lita 50 hadi 60, kifuniko chenye mpira. Weka gramu 500 za silika ya rangi ya chungwa ndani ya mfuko wa kitambaa. Ile ya buluu iache, ina kobalti, madini yenye sumu. Gramu 500 zitavuta takriban gramu 100 za maji halafu zitachoka na kugeuka kijani cha giza. Ziweke ovenini nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, zirudishe. Mara mbili tatu za mwanzo utafanya hivyo karibu karibu, kisha itatulia. Weka na kipima unyevu kidogo cha dijitali, lakini kijaribu kwanza: kizibo cha chupa, chumvi ya jikoni iliyoloweshwa ikawa kama uji mzito, vyote ndani ya mfuko uliofungwa pamoja na kipimo, saa 12. Kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 69, jua kinapunguza 6 na uhesabu hivyo. Ndani ya kontena ukiona chini ya 35, toa nusu ya silika; karatasi iliyokauka kupita kiasi hukatika kwenye mkunjo na majalada yenye gamba la kung'aa hujikunja.

Kontena lisiegemee ukuta wa nje. Kuta za Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinanyonya maji tangu msingi. Na tafadhali sana, nafthalini (vidonge vya kufukuza nondo) isiingie humo, wala chetezo kisifukizwe karibu. Udi ni mzuri kwenye nguo. Kwenye karatasi harufu haitoki, na mnunuzi wa nje huihesabu kuwa kasoro sawa na harufu ya sigara.

BiTudor alijibu:

Kaskazi amemaliza habari ya maji. Mimi niende kwenye pini.

Ziache. Kutu ya pini ni kasoro moja, pini mpya kwenye komiki ya zamani ni kasoro inayotakiwa kutangazwa kila unapouza, na ukiificha ni udanganyifu. Pini isiyo ya umri wa komiki hujulikana upesi: inang'aa, unene wake si ule, na haikai sawasawa juu ya alama ya pini ya mwanzo. Usisugue kutu, utatawanya unga wake kwenye ukurasa wa kati. Na lile la ndimu tunalofanyia visu, hapana. Asidi ya ndimu inakula chuma na karatasi pamoja, inabaki ndani ya nyuzi ikiendelea kazi baada ya wewe kusahau. Ukiizuia hewa yenye maji, kutu inasimama ilipofika. Indrajal ndizo za kuangaliwa kwanza maana karatasi yake ni dhaifu na kutu huitoboa haraka pini ikabaki inaning'inia.

Gredi sasa. Kipimo kinachotumika duniani ni cha 0.5 hadi 10.0. Kwa mkono, yakumbuke haya: 9.4 ni karibu mpya, 8.0 ni nzuri sana yenye alama ndogo chache, 6.0 ni ya kupendeza lakini imesomwa, 4.0 ni iliyosomwa hasa, 2.0 ni iliyochoka lakini kamili, 0.5 ni iliyopungukiwa. Komiki yenye kutu iliyohamia kwenye karatasi ni nadra sana kuvuka 6.0, hata kama jalada linametameta. Sanduku kama lako lililokaa pwani, tarajia nyingi ziwe kati ya 2.0 na 5.0. Afadhali ulijue hilo kabla hujaanza kuota bei.

Nawa mikono na uikaushe. Glavu za pamba zinakunyima hisia ya vidole na zinanasa ncha za kurasa. Meza safi, taa moja iwe upande, chini, mwanga upite juu ya jalada kwa mshazari. Hapo mikunjo yote itajitokeza. Mkunjo uliovunja rangi ukaonyesha weupe ni mbaya zaidi kuliko ule uliobonyea tu. Tazama mgongo: vimistari vifupi kwenye pini vihesabu kimoja kimoja. Kisha igeuze uone kama mgongo umejiviringisha, yaani jalada la mbele limesogea likaacha ukingo wa nyuma ukichungulia.

Halafu hesabu kurasa. Hesabu zote, kila komiki. Ukurasa wa kati ushikwe na pini zote mbili. Ukishikwa na moja, andika. Kwenye Marvel za 1974 hadi 1976 nenda kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, kulikuwa na stempu ya kukata na kubandika. Watoto walizikata. Jalada linaweza kuwa la 7.0, lakini stempu ikiwa imekatwa komiki hiyo si kamili na thamani yake inaanguka vibaya. Rangi ya karatasi pia inaandikwa: nyeupe, nyeupe iliyofifia, ya maziwa, ya kahawia, na iliyo mbaya kuliko zote ni inayokatika ukiikunja pembe. Karatasi ya gazeti ina lignini, kitu cha asili cha mti, inageuka kahawia yenyewe. Joto na unyevu vinaiharakisha.

Pasi ya nyumbani isikaribie. Pia seloteipu iliyokwisha kubandikwa usiing'oe, itaondoka na wino. Iandike tu.

Makupa_Komiki alijibu:

Nyongeza kwenye mifuko kwanza, maana wengi hununua vibaya. Mifuko ya polipropilini au ya Mylar ndiyo. Ukikosa ya komiki, mifuko ya faili ya A4 ya polipropilini inafaa, komiki ya Marekani ni takriban milimita 168 hadi 178 kwa 260. Commando ni ndogo, milimita 140 kwa 178, inaingia kwenye ya A5. Joe inahitaji mfuko wa ukubwa wa gazeti. Hatari ni plastiki ya PVC, ile laini yenye harufu kali inayonata kwenye wino. Kuijua: pasha waya wa shaba kwenye moto mpaka uwe mwekundu, gusisha kwenye kipande cha plastiki, urudishe motoni. Mwali ukiwa wa kijani, hiyo ni PVC. Fanya nje, moshi wake si mzuri. Nyuma ya komiki weka kadibodi isiyo na asidi; kadibodi ya boksi la sabuni itaacha kivuli cha kahawia.

Marvel za peni: zilichapwa Marekani kwenye mashine zile zile kwa ajili ya soko la Uingereza, kilichobadilishwa hasa ni bei. Si nakala za baadaye. Alama ya "d" au shilingi ni kabla ya Februari 1971, Uingereza ilipobadili pesa. "P" ni baada ya hapo. Usizichanganye na magazeti ya wiki ya Marvel ya Uingereza yaliyoanza 1972, yale ni makubwa kidogo, mengi yana kurasa nyeusi na nyeupe ndani, na yalirudia hadithi za zamani. Thamani ni nyingine kabisa. Soma maandishi madogo chini ya ukurasa wa kwanza, anwani na mwezi vimo humo. Wapo wanunuzi wanaotaka punguzo kubwa kwa sababu ya peni na wapo wanaozitafuta kwa sababu zilichapwa chache. Kwangu mimi, komiki yenye mhusika anayejitokeza mara ya kwanza haistahili punguzo hilo.

Hiyo mbili kwa moja kataa mpaka uone namba za matoleo. Komiki hazibadilishwi kwa hesabu ya vichwa. Bei haipandi ngazi kwa ngazi sawasawa: tuseme toleo moja kwenye 4.0 ni shilingi 1,000, kwenye 8.0 linaweza kuwa 3,000 au zaidi, kwa hiyo mbili za 4.0 hazilipi moja ya 8.0. Kila upande aandike orodha: jina, namba, gredi, kasoro, na bei iliyouzwa kweli. Kwenye eBay kuna kichujio cha vilivyouzwa. Bei zinazoombwa hazina maana. Mnabadilishana thamani kwa thamani, tofauti inalipwa kwa M-Pesa. Picha sita kwa kila Marvel: mbele, nyuma, mgongo, pini kwa ndani, ukurasa wa kati, na jalada chini ya mwanga wa mshazari.

African Film na Indrajal zina soko dogo, kwa hiyo bei ni maelewano. Lakini usizitoe kama nyongeza ya kufurahisha mtu. African Film zilisomwa zikapitishwa mkono kwa mkono mpaka zikaisha, na nane zilizokamilika ni kitu. Shujaaz zilianza 2010 na ziligawiwa bure ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, kwa hiyo bei ni ndogo; zitunze kwa mfululizo, seti ndiyo itakayotafutwa.

Kuhusu kupeleka kwa CGC, kampuni ya kupima gredi iliyoko Florida, Marekani: kwa komiki za 3.0 nauli na ada zitakula thamani yote. Pia boksi lao la plastiki halizuii hewa. Likirudi Mombasa litahitaji silika kama zilizobaki.

MtuWaKibokoni aliandika:

Ahsanteni sana. Nimepima: kipimo kilisoma 72 kwenye chumvi, chumbani kinasoma 76. Marvel 30 zimehesabiwa kurasa. Mbili stempu zimekatwa, moja ukurasa wa kati umeachia pini ya chini. Yule wa Nairobi anataka zitumwe kwa basi kwanza ndipo atume zake. Zifungweje?

Makupa_Komiki alijibu:

Chumba basi ni 79, ongeza 3 kila usomapo.

Asiyetuma naye asitumiwe. Mtume siku moja, kila mmoja apige picha ya risiti ya mzigo, au aje mtu wake mkutane mchana. Kufunga: komiki ndani ya mfuko na kadibodi yake, zisizidi tano kwa fungu. Weka kati ya vipande viwili vya kadibodi ya boksi, kimoja mistari yake iende wima na kingine mlalo, vyote vizidi komiki kwa sentimita 2 kila upande. Gundisha kadibodi kwa kadibodi, seloteipu isiguse mfuko, maana akiufungua itanasa jalada. Zungushia plastiki, ndipo boksi. Jaza nafasi mpaka ukilitikisa lisitoe sauti.

Zile tatu zenye kasoro zitaje kwa maandishi kabla ya kutuma, na yeye aseme amekubali.

BiTudor alijibu:

Na ile iliyoachia pini, usiirudishe kwa kubonyeza. Iweke karatasi nyembamba isiyo na asidi katikati, ifungwe peke yake, na ilale chali, isisimamishwe.