"Must be weighed" na "must have been weighed": tofauti yake ni ipi hasa?

Wakala wa mizigo, Kigoma

Ndugu wanajamvi, salaam. Nafanya kazi ya uwakala wa mizigo hapa Kigoma, na sehemu kubwa ya siku yangu hupita katika kuandikiana barua pepe kwa Kiingereza na watu wa ng'ambo ya ziwa, ambao wengi wao, kama mimi, lugha hiyo waliikuta darasani. Wiki iliyopita nilimwandikia msimamizi wa ghala moja sentensi hii: "The bags must have been weighed before loading." Nilikusudia kumwambia kwamba magunia yasipakiwe mpaka yawe yamepimwa. Yeye alielewa kwamba mimi nina hakika yamekwisha kupimwa, akawaruhusu wapagazi waendelee, na magunia yakaingia botini bila kupita kwenye mizani. Jioni tuliyashusha yote, gunia baada ya gunia, na malipo ya wapagazi yakanishukia mimi.

Nimerudi kwenye daftari langu la sekondari na kukuta kanuni ileile niliyoikariri: kitenzi kisaidizi, kisha "be", kisha umbo la tatu la kitenzi kikuu, kama "weighed". Kanuni ni sahihi, lakini haikunionya. Naomba anayejua anieleze jinsi wenye lugha yao wanavyozitumia kauli hizi katika shughuli za kila siku.

Mwalimu mstaafu, Tabora

Pole kwa hasara, ndugu yangu. Sentensi yako haina kosa la umbo, na ndiyo maana kanuni ya daftari haikukusaidia. Tofauti unayoitafuta unayo tayari katika Kiswahili chako. Tamka kwa sauti: "Lazima magunia yapimwe." Kisha tamka: "Lazima magunia yatakuwa yamepimwa." Ya kwanza ni agizo, na kitenzi kinaishia na "e". Ya pili ni makisio ya mtu ambaye hakushuhudia upimaji, ila ameona dalili, pengine chaki iliyoandikwa ubavuni mwa gunia. Neno "lazima" ni lilelile katika sentensi zote mbili, kama "must" ilivyo ileile. Kinachobadili maana ni umbo la kitenzi kinachofuata. Kwa Kiingereza, "must be weighed" ni agizo, na "must have been weighed" mara nyingi ni makisio.

Kwa kuwa uko Kigoma, nitumie meli yenu ya Liemba kama mfano. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, na Waingereza wakaiinua mwaka 1924. Mtu anayeijua historia hiyo hasemi "it must have been sunk in 1916", kwa sababu hakisii. Atasema tu "it was sunk". Lakini mgeni asiyejua lolote, akiambiwa kwamba injini zilikaa majini miaka hiyo yote na bado zikafaa kutumika, anaweza kusema: "They must have been greased very well." Atakuwa amekisia vema, maana mafundi walizipaka grisi kabla ya kuizamisha.

Iko pia "should have been weighed", yaani yalipaswa kupimwa lakini hayakupimwa. Hiyo ni kauli ya lawama, na uzuri wake, au ubaya wake, ni kwamba inalaumu bila kumtaja mtu. Katika mazungumzo hufupishwa kuwa "should've been", na kwa jinsi inavyosikika, hata Waingereza wengine huandika "should of been". Usiwaige.

Nimalizie kwa kosa nililolisahihisha kwa wino mwekundu miaka mingi: "must be weigh". Sisi alama ya kutendwa tumeiweka ndani ya kitenzi chenyewe, pima na pimwa, kwa hiyo mwanafunzi akiiona "be" hudhani imeshabeba kazi yote ya ile "w", akakiacha kitenzi kikuu kilivyo. Kiingereza kinazitaka zote mbili, "be" na umbo la tatu.

Muuzaji wa duka la dawa muhimu, Kasulu

Shikamoo Mwalimu. Naomba niongeze jambo la ukanushi, kwa sababu hapo ndipo mimi nilipoteleza, na kuteleza kwangu kulimgusa mtu. Ndani ya boksi moja la vidonge kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, yenye maandishi madogo, na mojawapo ya sentensi zake ilisema: "The tablets do not have to be taken with food." Nilikuwa mgeni kazini, nikamwambia mama mmoja asinywe dawa hiyo pamoja na chakula. Alikaa na njaa hadi alasiri, kumbe sentensi ilimaanisha tu kwamba si lazima ale. Kama wangetaka kukataza, wangeandika "must not be taken with food".

Tangu siku hiyo nimejiwekea utaratibu wa kuzigeuza sentensi za aina hii kwa Kiswahili kabla sijafungua mdomo: "must not be" ni marufuku, yaani isifanywe kabisa, "do not have to be" na "need not be" ni si lazima ifanywe. Mtego uko kwetu, maana tumezoea kwamba "must" ni lazima, basi tukiona "must not" tunatafsiri harakaharaka kuwa "si lazima". Maana yake si hiyo hata kidogo.

Mfanyabiashara wa asali, Tabora

Mwalimu, kwa heshima zote, nina pingamizi dogo. Nimewahi kusoma tangazo la kazi lililosema: "Applicants must have been employed for at least two years." Hapo hakuna aliyekuwa akikisia. Hilo ni sharti.

Pili, mimi naona tatizo la ndugu yetu wa Kigoma lilianzia kwenye kauli ya kutendwa yenyewe. "Must be weighed" haisemi nani apime. Ninapowaandikia wanunuzi kwamba asali "should be kept away from direct sunlight", nafanya hivyo kwa sababu simjui atakayeshika ndoo hiyo, awe dereva au mke wa dereva. Lakini ukimjua anayepaswa kufanya kazi, mtaje: "Please weigh the bags."

Mwalimu mstaafu, Tabora

Pingamizi nalikubali, na ndiyo maana niliandika "mara nyingi". Katika masharti ya ajira, ya visa na mengine kama hayo, "must have been" hudai jambo liwe limekamilika kabla ya jingine, na msomaji huelewa kwa sababu anajua anasoma masharti. Barua pepe ya asubuhi kwa mtu wa ghala haina mazingira hayo ya kumwongoza.

Muhisani wangu wa Kasulu, marahaba. "Have to be" uliyoitaja, pamoja na "need to be", ndizo utakazozisikia zaidi midomoni mwa watu: "The rent has to be paid", "This shirt needs to be washed". "Must be" imebaki zaidi kwenye mabango na maandishi ya mamlaka. Tena usishangae Mwingereza akikuambia "it can't be helped". Hajakataa kukusaidia, anasema tu kwamba hakuna jinsi.

Kuhusu "can be" na "cannot be", wengi wetu hutafsiri kwa "inaweza" na "haiwezi", tukasahau kwamba Kiswahili kina njia fupi. "This writing cannot be read" ni maandishi haya hayasomeki. "The road cannot be used" ni barabara haipitiki, kama mnavyosema wakati wa masika. Ila si kila "-ika" ni uwezekano: kikombe kimevunjika ni jambo lililokwisha kutokea.

Wakala wa mizigo, Kigoma

Nawashukuru nyote. Asubuhi hii nilimwandikia upya yule msimamizi: "All bags need to be weighed before they are loaded. Please weigh them today." Nimetumia kauli zote mbili, ya Mwalimu na ya ndugu yetu wa asali, ili pasiwe na mwanya.

Jibu lake lilifika kabla ya saa sita mchana: "The scale cannot be used. It should have been repaired last month." Nimelielewa bila kamusi. Mizani haitumiki, na kuna mtu analaumiwa ambaye hakutajwa. Sasa natafuta mizani ya kuazima.