Tupeane uzoefu: usafiri na malazi ukienda Lamu kujifunza kufua visu

Mchuuzi wa Malindi (mwanzilishi wa mada)

Salaam aleikum jamaa. Mimi nauza samaki hapa Malindi na visu vya dukani vimenichosha. Kikikutana na uti wa nguru mkubwa, kinapinda kama ukuti. Machi iliyopita nikafunga safari ya Lamu, siku tano, kwa fundi mmoja anayefundisha wanaoanza. Novemba narudi kwa awamu ya pili, na safari hii nataka kupanga mambo kwa akili, maana mara ya kwanza nilijiendea tu kama mtu aliyealikwa harusini. Naanza mimi, kisha mlete yenu. Ufundi wenyewe tutauzungumza siku nyingine. Leo ni njia na kitanda.

Basi lilitoka Mombasa likanipitia Malindi limeshachelewa saa mbili. Garsen, Minjila, Witu, Mokowe. Lami ni nzuri, ila vizuizi ni vingi, mnashuka, vitambulisho mkononi, mnapanda. Nikafika gatini Mokowe magharibi inaingia, nikavuka na boti ya mwisho mwisho nimekalia gunia la vitunguu la mtu.

Kosa langu lilikuwa kitanda. Binamu yangu ana chumba kijijini Shela, akanipa bure, na bure nani ataikataa? Fundi yuko Langoni, mtaa wa mjini Lamu. Nikajiambia kilomita tatu ni kitu gani kwa mtu anayezunguka na beseni la samaki kichwani. Sikuuliza habari za maji, mimi ninayeishi kwa bahari! Zilikuwa siku za bamvua. Natoka alfajiri, nakuta bahari imejaa mpaka ukutani, njia ya ufuoni haipo. Nikakunja suruali, wimbi likanipiga kiunoni, nikarudi. Hadi nilipopata boti ya kunishusha mjini, nikafika kwa fundi saa mbili kasoro.

Wenzangu walikuwa wameanza saa kumi na mbili. Nilidhani fundi anaanza mapema kwa kukimbia joto, kumbe sababu kubwa ni macho. Chuma husomwa kwa rangi: wekundu wa damu, wekundu wa embe dodo lililoiva, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano. Rangi hizo huzioni vizuri jua likishapanda na kuingia kibandani. Chuma kilichokwisha iva kinaonekana kama bado, nawe unazidi kupuliza. Ndivyo ilivyonikuta. Kipande changu cha springi ya gari kikaanza kutoa cheche nyeupe kama fataki. Fundi akakitoa kwa koleo, akakigonga mara moja tu juu ya kile kipande cha reli anachokifanya fuawe, ncha ikamomonyoka kama mofa iliyolala siku tatu. Akaniangalia. "Hiki umekichoma. Kata, uanze upya."

Jioni ile nikahamia chumba cha kupanga Langoni, hatua mia mbili kutoka kibandani. Pesa niliyodhani naiokoa Shela nilikuwa nimeshailipa kwenye boti.

Kaka Mjombani

Ulikuwa msimu gani wa watalii? Mimi niliambiwa Desemba vyumba vinapanda bei maradufu.

Mchuuzi wa Malindi

Machi mwishoni, kaskazi inamalizika, watalii wanapungua na mvua za masika bado hazijashika. Bei zilikuwa za kuzungumzika. Lakini joto, ndugu yangu! Ukisimama mbele ya tanuri la makaa mwezi wa tatu, dafu moja halitoshi hata kulowesha koo. Nenda na chumvi kidogo na sukari uchanganye kwenye maji.

Bi Leso

Mimi ni mwanamke na nilikwenda peke yangu, kwa hiyo dada zangu someni hapa.

Chumba sikukitafuta mtandaoni. Nilimwomba fundi aulize kwa mkewe, mkewe akanipeleka kwa mama mmoja mtaani Mkomani anayekaa na binti zake. Nyumba ya mawe ya zamani, kuta nene, mchana unaingia unahisi umeingia kisimani. Chakula cha usiku nilikula nao. Kwa mwanamke anayerudi jioni uso mweusi kwa masizi, nyumba ya watu ni bora kuliko hoteli, hakuna wa kukukodolea macho mapokezini.

Jambo la nguo niliambiwa siku ya kwanza na nashukuru niliambiwa kabla. Nilikwenda na buibui la kitambaa kile chepesi kinachong'aa. Fundi hakunigusa wala hakunikemea, alichukua uzi wa kitambaa kama hicho akausogeza kwenye kaa. Haukuwaka, ulijikunja ukawa tone jeusi linalonata. "Hili likikuangukia mwilini halitoki." Nikarudi nyumbani, mama mwenye nyumba akanipa leso mbili za pamba na dera kuukuu la pamba, mtandio nikaufunga nyuma ya shingo. Viatu vya kufunika vidole, miwani. Begi langu lilikuwa limejaa vitu visivyo na kazi na hivyo vyote sikuwa navyo.

Sasa kisa cha oveni. Kisu kikishazimishwa kwenye mafuta kinakuwa kigumu lakini kama kioo, ukikiangusha kinavunjika. Lazima kirudishiwe moto mdogo, karibu digrii 200 kwa saa mbili, kisha tena saa mbili, hadi kipate rangi ya ukili mkavu. Kwa fundi kulikuwa na foleni, tupo watano. Nikamwomba mama oveni yake ya kuokea mikate. Akacheka, akakubali. Nilikuwa nimekifuta kisu, lakini sikukiosha kwa sabuni. Nyumba nzima ilinuka mafuta yaliyoungua, na mkate wa mayai wa kesho yake, jamani, watoto walisema una ladha ya gari. Nilinunua mwingine. Bado tunapigiana simu hadi leo.

Mtu wa Amu

Bi Leso umenichekesha. Nami ni mwenye vyumba viwili vya kupangisha, niseme ya upande wetu.

Wageni wa kozi hii nawapenda kwa sababu wanalala mapema. Lakini mwambieni mwenye nyumba mnakuja kufanya kazi gani! Masizi ya makaa hayatoki kwenye shuka nyeupe. Mimi sasa mgeni wa kufua chuma nampa shuka za rangi na ndoo ya mai pale uani, anaoga kabla ya kupanda juu. Swali la pili la kuuliza ni stima. Ikikatika usiku feni inasimama, na chumba cha chini kisicho na dirisha la upande wa bahari hutalala. Ulizeni chumba cha juu, karibu na dari. Punda watalia saa tisa usiku, hilo halina dawa.

Na msilete gari mkidhani mtaliegesha mlangoni. Muini ni ndia za miguu, mzigo wako utabebwa na mkokoteni au punda. Gari linabaki Mokowe.

Abunuwasi Mdogo

Angalieni kalenda ya Kiislamu. Mimi nilikwenda Mfunguo Sita bila kujua, nikakuta Maulidi. Mji umefurika, watu kutoka kila pembe ya pwani wanakuja msikiti wa Riyadha, chumba hakuna hata cha dawa. Nililala juu ya dari ya mtu kwenye mkeka, na fundi mwenyewe alifunga kazi siku mbili. Maulidi niliyafaidi, kisu sikupata.

Msafiri wa Ndege

Fupi tu. Ukirudi kwa ndege kutoka uwanja wa Manda, kisu kinaingia kwenye mzigo unaokaa chini ya ndege, hakiendi nawe mkononi. Mwenzangu alikuwa na mkoba mmoja tu wa mkononi, akakumbuka akiwa mbele ya mashine. Kazi ya siku tano ikabaki kwa askari. Na ndege ni ndogo, mzigo wanaupima kwa ukali, kwa hiyo yule anayeota kurudi na kipande cha reli afanyie fuawe kwake, aache ndoto hiyo.

Kijana wa Kilifi

Kwa basi nako kuna yake. Nilirudi na kisu changu, ubapa wa inchi nane, nimekizungushia gazeti, kiko kwenye begi la mgongoni miguuni pangu. Kizuizi cha kwanza baada ya Mokowe tukashushwa, begi likafunguliwa. Fikirieni barabara ile ilivyopitia mambo, halafu kijana peke yake ana jisu jipya linanuka mafuta. Basi zima likanisubiri juani. Nilieleza, sikueleweka. Nikampigia fundi simu, hakupokea, yuko msikitini. Mzee mmoja abiria ndiye aliyeniokoa. Alikishika kile kisu, akapitisha kidole gumba kwenye makali mbele ya askari, akasema, "Hiki hata papai hakikati." Ni kweli, kilikuwa hakijatiwa makali.

Tangu hapo nashauri hivi: malizieni kunoa nyumbani. Kisu kiende na ubapa uliofungwa ndani ya boksi gumu, chini kabisa ya mzigo unaowekwa kwenye buti, nanyi mseme kabla hamjaulizwa. Na barua ya fundi yenye jina lako, tarehe na namba yake ya simu haigharimu kitu.

Mgeni wa Sheffield

Nipo Uingereza mwaka wa sita, nilifanya kozi ya siku mbili huku. Mji wenyewe ni wa visu tangu enzi, chuma kisichoshika kutu alikitengeneza hapa Harry Brearley mwaka 1913. Tanuri ni la gesi, kila mtu na miwani na vizibo vya masikio. Lakini suala la kurudi nyumbani ni lile lile la Kijana wa Kilifi. Huku kutembea na kisu kisichokunjika bila sababu ya maana ni kosa la jinai. Mwalimu alitufungia kila kimoja kwa kadibodi na utepe, akatuandikia karatasi, akatuambia twende moja kwa moja nyumbani, tusipitie mkahawani. Kwa malazi nilichukua chumba karibu na kituo cha treni nikajuta. Karakana ilikuwa nje ya mji na basi la kwanza la Jumapili linachelewa.

Nahodha Mstaafu

Wengi mnaishia mjini. Mkipata siku moja ya ziada, nendeni Siyu, kisiwa cha Pate. Huko ndiko kulikuwa na mafundi wa panga na majambia na ala za ngozi, na ngome bado imesimama. Ila usipange kwa saa ya ukutani. Boti zinapita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, na Mkanda maji yakipwa ni tope. Safari inafuata maji kujaa, na kila siku yanachelewa kwa karibu dakika hamsini. Ukiambiwa boti inaondoka saa nne leo, kesho usije saa nne ukalalamika. Na chukua nguo ya kulala, huenda usirudi siku ile ile.

Mchuuzi wa Malindi

Mzee wangu shikamoo, hiyo ya dakika hamsini ningeijua Machi nisingelowa.

Nimeshampigia Mtu wa Amu, chumba cha juu nimepata, shuka za rangi. Nafika Ijumaa, kazi inaanza Jumapili, kwa hiyo basi likichelewa na lichelewe. Kilichobaki ni mpini. Fundi ameniambia nije na mti wangu, nami nina kipande cha mbambakofi kilichotoka kwenye mlango wa zamani wa babu. Kimekauka miaka mingi, ila kina tundu la msumari karibu na pale noleo, ile pete ya chuma kati ya mpini na ubapa, litakapokaa. Kuna aliyewahi kuziba tundu kama hilo likashika, au nitafute mti mwingine?

Mtu wa Amu

Kilete ulivyo nacho. Huku waunda majahazi kuziba matundu ndiyo kazi yao.