Miezi mitatu Cape Town, watu wanne: tuweke akiba vipi?

Mama Wawili, Donholm

Habari zenu. Tunapanga kukaa Cape Town na watoto, mmoja atakuwa Gredi ya 4 na mwingine PP2 (chekechea), kuanzia tarehe 6 Aprili hadi tarehe 6 Julai. Tuna miezi 18 ya kujipanga. Mimi na mzee wangu tutachukua likizo bila malipo. Hesabu yetu: tikiti shilingi 200,000, nyumba ya huko 380,000, chakula na usafiri 320,000. Jumla 900,000, yaani 50,000 kila mwezi. Tunawaza kuongeza michango ya sacco kwa kiasi hicho, halafu tuitoe yote safari ikikaribia. Kuna tulichosahau?

Mhasibu wa Kayole

Dada, hesabu ya huko ipo, ya hapa ndiyo haipo. Tuseme kodi yenu ya nyumba ni 45,000. Miezi mitatu ni 135,000, na mwenye nyumba hatawasubiri. Ongeza karo ya kushikilia nafasi za watoto, tuseme 60,000, bima ya afya ya safari 35,000, na dharura 130,000. Sasa ni 1,260,000, yaani 70,000 kwa mwezi. Dharura msiikate. Kiasi chake kipimeni kwa bei ya tikiti nne za kurudi Nairobi ghafla, maana mgonjwa akizidiwa huku nyumbani hamtakuwa na muda wa kutafuta bei nafuu.

Halafu msigawe kwa miezi 18 mkatulia. Pesa haitoki siku ya safari. Tikiti mtalipa Januari hivi, amana na kodi ya mwezi wa kwanza wa nyumba ya huko Februari au Machi. Amana itarudi mkishatoka kwenye nyumba, kwa hiyo lazima iwepo pembeni mbali na hiyo jumla. Andikeni kila malipo na mwezi wake, ndipo mtaona kwamba karibu nusu ya pesa inahitajika kabla ndege haijaruka.

Kuhusu sacco: michango ile ndiyo dhamana ya mikopo, si akiba ya kutoa ukitaka. Kuipata ni kujiondoa uanachama, kwa kawaida kwa notisi ya siku 60, na kama umemdhamini mtu ambaye hajamaliza mkopo, unasubiri apate mdhamini mwingine. Watu wengi hugundua hili wakiwa wameshakata tikiti. Wekeni pesa ya tikiti na amana kwenye mfuko wa soko la fedha (money market fund), inatoka kwa siku chache za kazi. Ile ya matumizi ya huko, ambayo haitaguswa hadi Aprili, inaweza kununua hati fupi za serikali za siku 364 kupitia DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu. Unalipa pungufu leo, unapokea thamani kamili ikikomaa. Hesabuni siku kurudi nyuma kutoka Aprili, ili hati ikomae mwezi Machi. Kuiuza kabla ya wakati ni hasara. Kote huko kodi ya zuio, inayokatwa kabla hujalipwa, ni asilimia 15 ya faida.

Na kama mna mkopo wa sacco unaokatwa kwenye mshahara, likizo bila malipo inamaanisha makato yanasimama lakini deni halisimami. Wadhamini wenu wataanza kupigiwa simu. Wekeni agizo la benki la kulipa awamu hizo tatu kabla ya kuondoka, na zitieni kwenye bajeti.

Karani wa Safari

Tarehe zenu zina kasoro. Tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza kwa siku 90 katika mwaka mmoja, si "miezi mitatu". Siku ya kufika inahesabiwa. Aprili mna siku 25, Mei siku 31, Juni siku 30: tayari siku 86. Siku ya 90 ni tarehe 4 Julai. Mkikaa hadi tarehe 6 mmezidisha siku mbili, na anayezidisha anaweza kufungiwa kuingia kwa miezi 12. Ikizidi siku 30, ni miaka 5. Mkifika, someni tarehe kwenye muhuri wa kila pasipoti, ya watoto pia, mkiwa bado kaunta. Kama mmoja wenu ameshaenda mwaka huo huo, siku zake zinapunguzwa.

Anzeni na pasipoti, kisha chanjo ya homa ya manjano, kwa mpangilio huo, ili namba ya pasipoti iliyo kwenye kadi ya njano ilingane. Chanjo ipigwe angalau siku 10 kabla ya kuingia. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vibebwe mkononi, si kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege.

(Soketi za huko ni za pini tatu nene za mviringo. Nunueni adapta hapa.)

Mwalimu wa Ruaraka

Watoto watakosa karibu muhula wote wa pili. Wa PP2 si tatizo. Wa Gredi ya 4 ana tathmini za shuleni za KNEC, baraza la mitihani, zinazochangia alama za KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6. Muulizeni mwalimu mkuu, kwa barua, ni kazi zipi ziko muhula huo na atazifanya lini.

Mama Wawili, Donholm

Asanteni sana. Tunabadilisha tarehe leo. Je, tuanze kununua randi kidogo kidogo, au tuweke dola?

Mhasibu wa Kayole

Dola haiwakingi. Matumizi yenu ni ya randi, nayo ina mwendo wake. Noti za randi nazo mtazinunua kwa bei ya duka la fedha na kulala nazo ndani ya nyumba. Bakini na shilingi, ongezeni asilimia 10 juu ya gharama za huko, na mkipata nyumba ya kuaminika lipeni miezi miwili mapema randi ikiwa chini. Huko dukani, mashine ya kadi ikiuliza mlipe kwa shilingi au randi, chagueni randi. Ukichagua shilingi, bei ya kubadilisha inapangwa na mwenye mashine, na huwa mbaya. Na laini ya simu yenye namba ya benki iwekwe rominga, ifanye kazi nje ya nchi, kabla ya kuondoka uwanja wa ndege wa JKIA, data ikiwa imezimwa, la sivyo ujumbe wa kuthibitisha malipo hautafika na kadi itakataa mkiwa kwenye foleni.

Mama Wawili, Donholm

Laini ni ya mzee, na huwa anaiacha kwa simu ya dukani. Namwambia jioni hii.