Kamba mawe waliokwanguliwa mayai: mwenye mizani asijifiche nyuma ya mzamiaji

Jamani, kaskazi likiingia na maji yakatulia, mizani za wanunuzi wa kamba mawe huanza kazi kuanzia Likoni mpaka Shanzu, na upuuzi ni ule ule. Majike waliokwanguliwa mayai wanapimwa, wanalipiwa, wanapakiwa kwenye boksi pamoja na wenzao kana kwamba ni halali. Kamba jike mwenye mayai chini ya mkia haruhusiwi kuvuliwa, kuwekwa wala kuuzwa. Hilo kila mtu wa pwani analijua. Ndiyo maana burashi ya kufulia inatolewa kwenye mashua kabla ya kufika ufukweni. Aliyekwangua anajua alichofanya, na anayenunua anajua zaidi yake, kwa sababu alama zinabaki.

Nasikia wanunuzi wakijitetea kwamba "tunaletewa wakiwa safi, tutajuaje?" Mtajua hivi. Mgeuze chali. Kwanza tazama mguu wa mwisho, wa tano: wa jike una kigando kidogo nchani, wa dume umechongoka tu. Ukishajua ni jike, tazama kifuani katikati ya miguu ya nyuma. Ukiona bonge jeusi gumu kama lami, hizo ni mbegu za dume alizobandikwa. Jike akitaga huzikwaruza kwa vile vigando vya mguu wa tano ili mayai yarutubishwe. Bonge likiwa limekwaruzwa, basi huyo ametaga. Mayai yako wapi?

Hapo sasa nenda mkiani. Chini ya mkia wa jike kuna vijani vipana viwili viwili, vyenye vinyweleo, na mayai hushikana na vinyweleo hivyo kama shanga kwenye uzi. Yakiwa machanga ni ya rangi ya chungwa, yakikaribia kuanguliwa yanakuwa ya kahawia kwa sababu macho ya vitoto yameanza kuonekana ndani. Jike ambaye mayai yameanguliwa yenyewe, vinyweleo vyake ni virefu, vimelingana, vina mabaki laini ya maganda matupu, na kingo za vijani ni nzima. Aliyekwanguliwa, vinyweleo vimekatika huku na huku, kingo zimechanika, na kule ndani kabisa, pale kijani kinapoungana na mkia, burashi haifiki. Utakuta mayai matano, sita, yamebaki. Libonyeze moja kwa ukucha. Likipasuka na kutoa maji ya rangi ya chungwa, yale mengine yalikwanguliwa yakiwa hai. Kazi yote hiyo haifiki dakika moja kwa kamba mmoja, na mnunuzi anayesema hana dakika moja ana muda wa kuhesabu miguu na papasi (zile pembe ndefu za kichwani) ili apunguze bei.

Wengine hujibu kwamba mayai ya hapa yanachukuliwa na mkondo, kwa hiyo hata tukiwaacha majike, watafaidi watu wa mbali. Ni kweli kwamba vitoto vya kamba mawe huelea bahari kuu kwa miezi mingi, vikiwa bapa na angavu kama kipande cha nailoni, kabla ya kurudi kutua kwenye miamba na nyasi za bahari. Lakini hawa tunaowavua Nyali nao walianguliwa kwingine, na aliyemwacha mama yao ni mtu ambaye hatumjui. Jike mmoja mkubwa hubeba mayai laki kadhaa, mengi kuliko majike wadogo kadhaa wakijumlishwa, na ndiye huyo mkubwa anayewindwa zaidi.

Sasa zana, maana hapa ndipo uharibifu unapoanza. Bunduki ya kupigia samaki ilipigwa marufuku hapa Kenya 2001 pamoja na juya, ule wavu wa kukokota, na bado inazamishwa mchana kweupe. Ubaya wake kwa kamba ni rahisi kuelewa: mshale hauulizi. Mpaka umgeuze uone kama ana mayai, ameshatobolewa, na ukimrudisha anakwenda kufa shimoni. Jarife, yaani wavu wa kulaza usiku, nalo si afadhali. Kamba anajisokota humo, miguu inakatika anapotolewa kwa haraka alfajiri, mayai yanang'oka yenyewe, na kasa akipita ananaswa na kukosa pumzi.

Njia inayokupa nafasi ya kuchagua ni kimia (wavu mdogo wa mkono) na pweza. Unamfunga pweza kwenye ncha ya kijiti na kumsogeza polepole mlangoni mwa shimo. Kamba anamwogopa pweza kuliko anavyomwogopa binadamu. Atatoka, lakini atatoka kinyumenyume kwa kupiga mkia, kwa hiyo kimia hukaa nyuma yake, si mbele ya uso. Wanaoanza hukosea hapo, wanabaki wameshika papasi mbili zilizokatika. Usimvute kwa papasi hata siku moja: vaa glavu, mshike gamba pale shina la papasi lilipo. Gamba likibonyea kidoleni, amejivua gamba la zamani karibuni. Mwache, hatafika sokoni akiwa hai. Anayetumia malema (mitego) ya waya afunge mlango kwa uzi wa katani, si wa nailoni, ili lema likipotea uzi uoze na mlango ufunguke. Lema la waya lililopotea na mlango wake umefungwa linaendelea kuua kwa muda mrefu bila mtu kula.

Na kumrudisha si kumtupa. Kamba anayerushwa kutoka juu ya mashua huliwa na chewa kabla hajagusa mwamba. Shuka naye, mrudishe kwenye shimo lile lile, mkia ukitangulia ndani, umwachie. Wanaobaki mashuani wakae kwenye gunia lililoloweshwa maji ya chumvi, kivulini. Maji ya mfereji yanawaua.

Kuhusu maboya ya hifadhi nitasema kidogo tu: ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari ya Mombasa, iliyotengwa 1986, havuliwi kitu. Hakuna kamba wa "kuvuka mpaka kidogo usiku".

Kuna na jambo jingine linaloniudhi humu mitandaoni, watu wa Kilifi na Kwale wanaouliza wapi watapata kamba wa Naivasha walio hai wawafuge kwenye mabwawa. Yule si kamba mawe. Ana magando makubwa mekundu, anaishi maji baridi, asili yake ni kusini mwa Marekani, na aliingizwa Naivasha 1970. Bara la Afrika, ukitoa kisiwa cha Madagaska, halina jamii hiyo ya asili hata moja. Pale Naivasha alikula mimea ya majini mpaka mayungiyungi yakatoweka sehemu kubwa ya ziwa. Anachimba kingo za bwawa, na mvua ikinyesha anatembea nchi kavu mpaka mto wa jirani. Kwa huyo hesabu inageuka kabisa: vueni kwa mitego ya chambo, jike mwenye mayai ndiye wa kwanza kuchukuliwa, auawe hapo hapo, asisafirishwe hai, na asirudishwe majini. Mtu anayemwachia huyo kwenye bwawa huku akimkwangua kamba mawe wetu ameshika mambo yote mawili kichwa chini miguu juu.

Ninachotaka kwa wanunuzi ni hiki. Kila kamba ageuzwe chali mbele ya mwakilishi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo, kabla ya kupanda mizani. Mwenye mayai na bado yuko hai arudishwe siku hiyo hiyo na mashua inayotoka. Aliyekwanguliwa asinunuliwe hata kwa nusu bei, kwa sababu hiyo nusu bei ndiyo inayonunua burashi. Mwenye mizani anayeona hili haliwezekani aandike hapa chini sababu yake, na aeleze anafanya nini akikuta yale mayai sita yaliyobaki.